Maradhi ya valvu za moyo na upasuaji wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayozunguka zaidi kwenye mabenchi ya kliniki za moyo. Mengine huulizwa daktari, mengine huishia kwa jirani wa benchi kwa sababu daktari ana foleni ndefu. Majibu yameelekezwa hasa kwenye ugonjwa unaotawala kwetu Afrika Mashariki, yaani valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani humzungumzia mzee wa miaka 75. Mgonjwa wetu mara nyingi ni binti wa miaka 25 mwenye mtoto mgongoni. Dozi na uamuzi wa mwisho ni vya daktari aliyekupima.

Valvu za moyo hufanya kazi gani?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na valvu nne zinazosimamia njia ya damu: trikuspidi na pulmonari upande wa kulia, mitrali na aota upande wa kushoto. Kila valvu ina vijipande vyembamba vinavyofunguka damu ipite na kujifunga isirudi ilikotoka, kama valvu ya pampu ya baiskeli. Kazi hiyo hurudiwa takribani mara 100,000 kwa siku. Upande wa kushoto ndio unaosukuma damu mwili mzima na shinikizo lake ni kubwa zaidi, ndiyo maana mitrali na aota ndizo zinazowasumbua wengi.

Mimi nimeambiwa valvu imesinyaa, mwenzangu ameambiwa yake inavuja. Kuna tofauti gani?

Iliyosinyaa haifunguki vizuri. Mitrali ya mtu mzima mwenye afya hufunguka kwa eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6; ikishuka hadi 1.5 au chini ya hapo, huhesabiwa kuwa imebana vibaya. Damu hukwama nyuma yake, mapafu hujaa, pumzi inakuwa fupi. Inayovuja haifungi vizuri: kila pigo sehemu ya damu hurudi nyuma, moyo huisukuma upya, na mwaka hadi mwaka unatanuka. Valvu moja inaweza kusinyaa na kuvuja kwa pamoja, na kwa ugonjwa wa baridi yabisi hilo ni jambo la kawaida.

Uvujaji una hila yake. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi akilima na kucheza mpira huku msuli wa moyo unachakaa kimyakimya. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kliniki baada ya miezi sita, rudi hata kama unajisikia mzima.

Nimeupataje ugonjwa huu? Kwetu hakuna mwenye moyo.

Kwa vijana wa ukanda wetu, chanzo kikubwa ni maumivu ya koo ya utotoni. Kuna bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A anayeleta mafindofindo, yale wengi tunayaita tonsesi. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, hupata homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili iliyokuwa inapigana na bakteria inageuka na kushambulia viungo, moyo, na wakati mwingine ubongo. Magoti na vifundo vya miguu huvimba, leo hapa, kesho pale. Mtoto mwingine huanza kurusharusha mikono bila kukusudia, na shuleni akachapwa kwa utundu. Maumivu ya viungo hupita bila kuacha alama. Kwenye valvu alama hubaki, na kila homa inaporudi kovu linaongezeka, mpaka siku moja, ukubwani, mtu anashindwa kupanda kilima alichozoea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Utafiti mkubwa wa REMEDY, uliojumuisha Kenya, Uganda na Rwanda pamoja na nchi nyingine 11, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa ni miaka 28, na theluthi mbili yao walikuwa wanawake. Ni ugonjwa wa vyumba vilivyosongamana na zahanati zilizo mbali. Hakuna ukoo uliolaaniwa hapa.

Vyanzo vingine vipo. Wako waliozaliwa na valvu ya aota yenye vijipande viwili badala ya vitatu, ambao ni kama mtu mmoja au wawili katika kila 100. Wako wazee ambao valvu zao zimejaa chokaa, waliopata maambukizi ndani ya moyo, na ambao valvu ilianza kuvuja baada ya shambulio la moyo.

Mtoto anaumwa koo. Si akatwe kimeo tu?

Hapana. Kukata kimeo hakuui bakteria aliyeko kooni. Kunaongeza kidonda, damu na nafasi ya maambukizi mapya, na kuna watoto waliopoteza maisha kwa ajili hiyo. Mtoto mwenye homa, koo jekundu linalouma akimeza, na tezi za shingo zilizovimba, hasa kama hana mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati. Penisilini ya sindano moja, au vidonge vya siku kumi vinavyomalizwa vyote, ndiyo tiba. Ni bei ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali ya rufaa mara moja.

Nilitibiwa pumu miaka miwili, baadaye TB. Sasa wanasema ni moyo. Inawezekana?

Inawezekana sana. Mitrali iliyobana hujaza mapafu maji, mtu akakohoa usiku, akabanwa kifua, hata akatema makohozi yenye damu. Dalili hizo zinafanana na za pumu na za TB, na kwenye kituo kisicho na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo, muhudumu hutibu anachokiona kila siku. Vitu vya kutaja mapema ili moyo ukumbukwe: kushindwa kulala chali mpaka urundike mito, kushtuka usiku ukitafuta hewa dirishani, moyo kwenda mbio bila mpangilio, miguu kuvimba jioni, na uchovu usioendana na kazi uliyofanya. Mwanamke ambaye pumzi ilianza kukatika akiwa mjamzito, kisha ikatulia baada ya kujifungua, naye achunguzwe. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mara nyingi ndio unaofichua valvu iliyokuwa imejificha.

Kiharusi kwa kijana nacho kinaweza kuwa dalili ya kwanza. Chumba cha juu cha moyo kikitanuka na kuanza kutetemeka badala ya kupiga, damu hutuama humo, donge linajitengeneza, kisha linaruka hadi kwenye ubongo.

Ndugu wanasema nimerogwa.

Waruhusu waombe dua au wafanye sala. Hilo halizuii matibabu. Kinachoua ni miezi inayopotea kwa mganga huku moyo unatanuka, na kuacha vidonge kwa sababu umeambiwa havichanganyiki na dawa ya kienyeji. Mwombe daktari awaonyeshe ndugu picha ya eko. Valvu inayovuja huonekana ikivuja, kwa rangi, mbele ya macho yao, na mjadala wa familia hubadilika hapo hapo.

Nitafanyiwa vipimo gani?

Eko ndiyo mama wa vipimo vyote hapa: ni picha ya mawimbi ya sauti, haiumi, haina mionzi. Inaonyesha valvu ipi imeharibika, kwa kiasi gani, na kama msuli bado una nguvu. Utapimwa pia ECG (umeme wa moyo), picha ya kifua na damu. Kabla ya upasuaji, watu wazima, hasa waliovuka miaka 40, huchunguzwa mishipa ya moyo kwa dawa ya kuonyesha njia, na kila mtu anapaswa kukaguliwa meno. Jino bovu linang'olewa kabla, si baada.

Lazima nipasuliwe? Dawa haziwezi kuimaliza?

Hakuna kidonge kinachonyoosha valvu iliyokunjamana kwa kovu. Furosemidi, ambayo wengi wanaiita Lasix, hukojosha maji yaliyozidi. Dawa nyingine hutuliza mapigo. Nyingine huzuia damu kuganda. Zote zinakuwezesha kuishi vizuri na kusubiri. Ugonjwa ukiwa mdogo, pengine hutahitaji kisu kamwe, ilimradi sindano za penisilini zichomwe kwa wakati ili homa isirudi.

Habari njema zaidi imetoka kwetu wenyewe. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto na vijana 818 ambao eko ilionyesha alama za mwanzo kabisa za ugonjwa. Waliochomwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa chini ya mmoja katika kila 100. Wasiochomwa, zaidi ya wanane katika kila 100.

Upasuaji huamuliwa pale valvu ikishaharibika vibaya na dalili zimeanza, au msuli wa moyo umeanza kulegea hata kama dalili bado. Kuna dirisha hapa. Ukiwahi mno unajitwisha hatari bure. Ukichelewa mno, valvu mpya inawekwa kwenye moyo uliokwisha kuchoka, na nafuu inakuwa ndogo. Wagonjwa wengi wa kwetu hukosea upande wa kuchelewa.

Nimesikia kuna kuzibua kwa puto bila kupasua kifua.

Ndiyo, kwa mitrali iliyosinyaa. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, puto linajazwa katikati ya valvu, na vijipande vilivyogandana vinaachana. Njia hii ilibuniwa na daktari wa Japani, Kanji Inoue, miaka ya 1980. Mgonjwa anayefaa hurudi nyumbani baada ya siku chache, na nafuu inaweza kudumu miaka mingi. Haifai ikiwa valvu inavuja sana, ina chokaa nyingi, au kuna donge la damu ndani ya chumba cha juu.

Kwa wazee wenye aota iliyosinyaa kuna valvu inayopandikizwa kwa mrija. Alain Cribier aliiweka ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Bei yake bado ni kubwa sana, na haikutengenezwa kwa mgonjwa wetu wa kawaida.

Kurekebisha au kubadilisha? Valvu ya chuma au ya mnyama?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na mara nyingi huamuliwa kwa dakika tano huku mgonjwa akiitikia tu "sawa daktari". Usiitikie tu.

Kwanza uliza kama valvu yako inaweza kurekebishwa. Valvu yako mwenyewe iliyoshonwa na kuwekewa pete haihitaji dawa ya kuzuia damu kuganda ya maisha yote. Kwa kovu la baridi yabisi kazi hiyo ni ngumu na haiwezekani kwa kila mtu, lakini swali ni halali.

Ikibidi kubadilisha, kuna njia mbili. Valvu ya mitambo, ambayo watu huita ya chuma ingawa vijipande vyake kwa kawaida ni vya kaboni ngumu, inaweza kudumu miongo kadhaa. Gharama yake ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku maisha yote, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Valvu ya mnyama, iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au valvu ya nguruwe, kwa kawaida huhitaji warfarini kwa miezi michache tu, lakini inachakaa. Kwa mzee inaweza kufika miaka 15. Kwa kijana wa miaka 20 huchakaa mapema zaidi, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Vitabu husema kijana apewe ya mitambo. Vitabu hivyo vimeandikwa mahali ambapo kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, kiko karibu na nyumba. Kama wewe unaishi kijiji ambacho gari hupita mara moja kwa siku, na maabara inayopima INR iko mkoa mwingine, valvu ya mitambo isiyosimamiwa inaweza kuziba kwa donge la damu au kukutoa damu ndani kwa ndani. Mwambie daktari unaishi wapi hasa, nauli ni kiasi gani, nani atakuwa anakununulia dawa, na kama unatarajia kuzaa. Taarifa hizo zina uzito sawa na picha ya eko.

Mimi ni Mwislamu. Valvu ya nguruwe inakuwaje?

Mwambie daktari mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu valvu za utando wa ng'ombe zipo na hufanya kazi hiyo hiyo. Wanazuoni wengi huruhusu pia ya nguruwe pale ambapo hakuna mbadala, kwa msingi wa dharura. Mwulize shehe unayemwamini. Ufahamu pia kwamba heparini, dawa inayotumika wakati wa upasuaji ili damu isigande kwenye mashine, mara nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Heri ulijue hilo mapema kuliko kuambiwa baadaye.

Upasuaji huu bado ni wa majaribio?

La. Mwaka 1925, mjini London, Henry Souttar aliingiza kidole ndani ya moyo unaopiga wa msichana na kuipanua mitrali yake. Msichana akapona, lakini madaktari wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alifanikiwa kutumia mashine ya moyo na mapafu, na madaktari wakaweza kuufungua moyo uliosimama. Mwaka 1960 huko Oregon, daktari Albert Starr na mhandisi mstaafu Lowell Edwards waliweka valvu ya mpira mdogo ndani ya kizimba. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo aliishi miaka kumi, kisha akafa kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba. Moyo wake ulikuwa haujamsumbua.

Inafanyika wapi kwetu, na bei?

Tanzania: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, kabla ya hapo wengi walipelekwa India. Kenya: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mater na Aga Khan jijini Nairobi, na Tenwek iliyoko Bomet. Uganda: Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Rwanda: Hospitali ya King Faisal, Kigali. Mara kwa mara timu za madaktari wa nje huja kufanya kazi pamoja na wenyeji, na kambi hizo hupunguza foleni, hasa ya watoto.

Bei hubadilika, hivyo isitajwe hapa. Uliza maandishi yanayoonyesha bima yako inalipa nini na nini kinabaki juu yako. Kenya kumbuka kuwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya mfuko wa NHIF mwaka 2024. Kisha piga hesabu ambayo familia nyingi husahau wakati wa harambee: nauli ya kliniki, vidonge na INR ya miaka yote inayofuata. Nimeona michango mikubwa ikichangwa kwa ajili ya kisu, na mwaka mmoja baadaye hakuna hata wa kumlipia mgonjwa nauli.

Siku yenyewe inakuwaje?

Ndugu huombwa kuchangia damu kabla. Utaoga kwa dawa, utafunga kula, utalazwa usingizi mzito. Mfupa wa katikati ya kifua hukatwa, damu inaelekezwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa kwa dawa yenye potasiamu na kupozwa, kazi inafanyika, kisha moyo unaanzishwa tena. Kwa kawaida huchukua muda wa saa tatu hadi tano, nyingine zaidi. Mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma zinazobaki humo daima.

Utaamkia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ukiwa na mpira kooni, kwa hiyo hutaweza kusema. Waambie ndugu mapema, maana wengi hulia wakidhani umepata kiharusi. Mipira hutolewa siku moja au mbili zinazofuata, na wengi huruhusiwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo.

Naweza kufa mezani?

Hatari ipo na daktari anapaswa kukuambia kwa tarakimu, kwa hali yako wewe. Kwa upasuaji uliopangwa, kwenye hospitali yenye uzoefu, wanaopoteza maisha ni wachache katika kila 100. Hatari hupanda kwa anayeletwa mahututi, mwenye msuli dhaifu, mwenye figo mbovu, au anayebadilishwa valvu zaidi ya moja. Mengine yanayoweza kutokea ni kutokwa damu, kiharusi, maambukizi ya kidonda na mapigo yasiyo na mpangilio. Ukilinganisha, linganisha na hatari ya kubaki na valvu mbovu, ambayo nayo si ndogo.

Nikirudi nyumbani, nifanye nini na nisifanye nini?

Mfupa huunga kwa wiki sita hadi nane, wengine hadi 12. Muda huo usibebe ndoo ya maji, kuni, wala mtoto, usitwange, usilime, usiendeshe gari wala bodaboda. Kukohoa, kumbatia mto kifuani. Tembea kila siku, ongeza kidogo kidogo. Kina mama hupata shida zaidi hapa kuliko kina baba: anarudi kutoka Dar es Salaam, siku ya tatu yuko jikoni anainua sufuria. Mume na wakwe wapewe maelekezo haya na daktari mwenyewe, si kupitia kwa mgonjwa.

Huzuni na kulialia wiki za mwanzo hutokea kwa wengi. Likizidi mwezi, lisemwe kliniki.

INR ni nini, na kwa nini wananikazania?

Ni namba inayoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa yuko karibu na 1. Mwenye mitrali ya mitambo kwa kawaida hulengwa 2.5 hadi 3.5, mwenye aota ya mitambo, 2 hadi 3. Chini ya hapo, donge linaweza kuifunga valvu. Juu sana, damu inavuja: fizi, mkojo, kichwani. Mwanzoni hupimwa kila siku chache, kisha kila wiki, ikitulia hadi kila mwezi.

Dawa mpya za kuzuia kuganda zisizohitaji kipimo, kama dabigatrani na rivaroksabani, hazifai kwa valvu ya mitambo; dabigatrani ilijaribiwa kwa wagonjwa hao na matokeo yakawa mabaya. Mtu akikuuzia kama mbadala, kataa.

Nimekatazwa mchicha?

Hukukatazwa, ingawa wengi huambiwa hivyo. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Tatizo ni kuruka: wiki nzima bila mboga, kisha wiki nzima mboga tupu. Kula kiasi kilekile kila wiki, dozi ipangwe kufuata chakula chako. Pombe ya kulewa, hapana.

Hatari kubwa kuliko mboga iko duka la dawa. Antibiotiki kama Flagyl na Septrin hupandisha INR haraka. Rifampisini ya TB na dawa ya kifafa ya karbamazepini huishusha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zisizoandikwa na daktari wako huongeza kutokwa damu. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi ndogo. Dawa za mitishamba hazina kipimo, na hakuna anayejua zitafanya nini kwenye damu yako. Ukianza au kuacha dawa yoyote, ya malaria ikiwemo, pima INR ndani ya siku chache.

Nimeshabadilishwa valvu. Sindano za penisilini niache?

Usiache. Homa ya baridi yabisi ikirudi itashambulia valvu zilizobaki. Kila wiki tatu au nne, kwa wengi angalau miaka kumi au hadi umri wa miaka 40, wengine maisha yote. Kama inauma, uliza kama inaweza kuchanganywa na lidokaini, dawa ya ganzi. Ukiwa unatumia warfarini, mwambie mchomaji na hakikisha INR haijapanda kupita kiasi. Wenye moyo uliochoka sana wanaweza kupewa vidonge badala ya sindano. Huo ni uamuzi wa daktari.

Meno yana uhusiano gani na moyo?

Bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu hupenda kujikita kwenye valvu ya bandia, na maambukizi hayo huua. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una valvu ya bandia. Kwa kawaida mtu mzima hupewa amoksilini gramu 2 nusu saa hadi saa moja kabla. Homa isiyoeleweka inayozidi siku mbili tatu usiitibu kama malaria tu. Damu ioteshwe maabara kabla ya antibiotiki kuanza.

Nataka kuzaa.

Zungumza na daktari kabla ya mimba, siyo baada. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hatari hupanda dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Kuiacha ghafla nako kunaweza kuifunga valvu na kumuua mama. Zipo njia za kupita katikati, ikiwemo kubadili kwa muda kwenda sindano za heparini, lakini zinahitaji ufuatiliaji wa karibu katika hospitali kubwa. Ndiyo maana binti ambaye hajazaa anaweza kuchagua valvu ya mnyama akijua atapasuliwa tena. Ni chaguo lake, na mume au mama mkwe wasimfanyie.

Kwa kupanga uzazi, kijiti na kitanzi kwa kawaida vinafaa. Vidonge vyenye estrojeni havifai. Tendo la ndoa lenyewe linaruhusiwa kifua kikishaunga na ukiweza kupanda ngazi bila kuhema.

Nifunge Ramadhani?

Muulize daktari kila mwaka, kwa kuwa hali hubadilika. Mwenye valvu iliyotulia mara nyingi anaweza, akimeza warfarini baada ya futari na kupima INR katikati ya mwezi. Anayetumia dawa nyingi za kukojosha au mwenye moyo dhaifu, kwa kawaida hashauriwi.

Kifua changu kinalia tik, tik.

Ni valvu ya mitambo ikijifunga. Utaizoea, na mwenzio kitandani ataizoea. Mlio ukififia au kupotea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Valvu hizi hazikuzuii kupita mitambo ya uwanja wa ndege, na nyingi zinaruhusu MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Beba kadi ya valvu yako.

Dalili zipi zisisubiri asubuhi?

Kupumua kwa shida kulikoanza ghafla. Mdomo kupinda, mkono au mguu kufa ganzi, maneno kugoma. Kuzimia. Kinyesi cheusi kama lami, au damu isiyokatika. Kujigonga kichwa ukiwa kwenye warfarini, hata kama huumwi. Homa na kutetemeka. Kidonda cha kifua kutoa usaha au mfupa kucheza ukigeuka.

Nimesahau dozi ya warfarini jana.

Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida, usimeze mbili kufidia. Andika tarehe kwenye daftari lako na umwonyeshe muhudumu utakapoenda kupima INR, ili asiongeze dozi kwa namba iliyoshuka kwa sababu ya kusahau.